Ng'ombe wa Buenos Aires

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, akabaki na jike mmoja na ndama wake, sisi wanawe tulimsihi auze, ahamie kwetu Garsen mjini akae kitako. Alikataa. Kisha akasikia kwamba kazi yangu ya afisa wa mifugo inanipeleka mkutanoni Buenos Aires, mji wa watu walioshindikana kwa nyama, akaniwekea sharti.

"Kawaangalie wale watu," alisema. "Kama waliacha ng'ombe wakahamia mjini, na wana raha, nitauza."

Nilijua nimeshinda kabla sijapanda ndege.

Mkutano ulihusu ukame, na mvua ilinyesha tangu tulipotua. Mwenyeji wetu, mama mmoja mcheshi aliyejua Kiingereza, alitutembeza. Tulionyeshwa mtaa wa nyumba za mabati yaliyopakwa rangi, wageni wakisukumana kuzipiga picha. Mabati Garsen tunayo tele, tumekosa rangi tu. Kisha akatupeleka makaburini kutalii. Kwetu ukionekana makaburini bila maiti utaulizwa maswali. Kule watu wanalipa kiingilio na kutabasamu kando ya marehemu. Ng'ombe hai sikumwona. Niliwaona kwenye viatu, mikoba na sahani.

Usiku ndio ulionimaliza. Watu wazima, wenye wajukuu, wanaketi kula saa nne, wakishiba ndipo wanauliza dansi iko wapi. Mbavu zilipangwa kuuzunguka moto, harufu ikanitoa mate, ila sikujua nani aliyechinja wala alisema nini alipochinja, kwa hiyo nilikula viazi. Mfugaji mzima, viazi. Lakini raha walikuwa nayo wale watu, sitasema uongo. Nilirekodi video za kutosha kumshinda baba.

Mara taa zikapunguzwa, akatokea mzee aliyevaa kama wachunga ng'ombe wa kule: kofia pana, buti, kisu kiunoni, kamba mkononi. Akaizungusha kamba na kuita ng'ombe ambao hawakuwepo. Watalii wakampigia makofi, midomo imejaa nyama. Nikafurahi, nimepata wa kumpiga picha nimpelekee baba. Onyesho lilipoisha nilimfuata na mwenyeji wetu, akatutafsiria. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi.

Alicheka. Hakuwa nao. Babu yake aliuza wote akahamia mjini. Yeye mchana ni dereva wa teksi, na kuita ng'ombe alifundishwa hapo hapo ukumbini. Akauliza baba yangu anao wangapi.

"Mmoja, na ndama," nilisema, nikiona aibu.

Mzee akavua kofia.

Niliirudisha simu mfukoni bila kumpiga picha. Akilini nilikuwa nimemwona baba katika hoteli fulani ya watalii, na fimbo yake, akiita hewa, watu wakitafuna na kumshangilia.

Niliporudi, baba hakuuliza habari za makaburi wala mabati.

"Wana raha?"

"Wana raha sana," nilisema. "Wanalipa kiingilio kumwona mtu akiita ng'ombe."

Alinitazama kama mtu aliyerudi na homa. Kisha akageukia boma, akamwita yule wake mmoja, naye akaja, ndama akimfuata.

Ndugu zangu bado wananipigia simu wakiuliza mzee anauza lini. Nimewaambia walete nyasi.