Bastola Iliyolia Wakati wa Kunawa

Mikono ya mume wangu ilikuwa juu ya beseni. Hilo nimelisema hospitali, nimelisema kituo cha polisi, nimelisema Didia, kijijini kwao mume wangu, mbele ya mama mkwe na mashangazi wote. Nitalisema tena nikiulizwa, ingawa siku hizi kila nikilisema najiuliza kama kweli niliiona ile mikono, au nimelisema sana mpaka nikaanza kuiona.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwetu Kambarage. Mume wangu ananunua dhahabu machimboni Runzewe, na kwa sababu ya kazi hiyo alikuwa na bastola, ya halali, yenye kibali. Ilikuwa mpya, ya aina ambayo wanunuzi wenzake waliisifia kwa wepesi wake. Aliivaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya mfuko wake wa ngozi, chini ya shati, na hakuivua hata akija kula. Nilikuwa nikimtania kwamba ameniolea mke mwenza wa chuma, tena huyo ndiye anayelala upande wake wa kulia.

Mgeni wetu siku hiyo alikuwa mdogo wake. Kulikuwa na ugomvi kati yao. Walikuwa wanachimba duara moja huko Runzewe, shimo lao la pamoja, na shemeji alimwingiza mtu wa tatu bila kumwambia kaka yake. Mume wangu aliyasikia hayo kwa watu baki, na hilo ndilo lililomuuma kuliko shimo lenyewe. Nikaambiwa nipike, wakae wazungumze kama ndugu. Nikapika wali na kuku wa kienyeji, nikiamini kwamba hasira haikai na shibe.

Ukweni kwangu mwanamke ndiye anayewanawisha wanaume. Mimi ni mtoto wa mjini, Mwislamu, babu yangu alifika huku na biashara kutoka pwani, na nilipoolewa kwa Wasukuma walinicheka wakisema magoti yangu hayatakunjika. Yalikunjika. Siku hiyo nilipiga magoti mbele ya mkeka, beseni mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, nikaanza na mume wangu kwa kuwa ndiye mkubwa. Alikwishapaka sabuni. Viganja vyake viwili vilikuwa juu ya beseni, namimina maji, na wote wawili wako kimya, kimya kibaya cha watu ambao bado hawajaanza. Hapo kitu kikalia.

Nilidhani ni mtungi wa gesi. Naapa, niligeuka nikatazama jikoni. Niliporudisha macho, shemeji, aliyekaa kulia kwa mume wangu, alikuwa anautazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine, na suruali inaanza kulowa chini ya goti. Mume wangu alikuwa bado ameinua mikono hewani, povu linamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Si mimi." Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Risasi ilitoboa mfuko wa ngozi, ikapita kwenye nyama ya mguu, ikaishia sakafuni. Mfupa haukuguswa, alhamdulillahi. Tukampakia shemeji kwenye gari, mimi nimekaa naye nyuma nikiufunga mguu kwa khanga, na njia nzima alisema maneno mawili tu: "Kaka ameniua." Na huyo kaka ndiye aliyekuwa anaendesha.

"Shemeji, alikuwa ananawa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nammiminia."

Akafumba macho.

Polisi walimshikilia mume wangu, kisha wakamwachia kwa dhamana, bastola ikabaki kwao. Aliyenihoji alikuwa kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo kabla hajafungua kinywa kwa jambo jingine.

"Mama, bastola ni kama mlango," akasema. "Haifunguki mpaka mtu aishike."

"Mlango hata upepo unaufungua, mwanangu."

Akatabasamu, akaandika. Kisha akauliza: "Wakati inalia, ulikuwa unatazama mikono au maji?"

Nilikasirika. Swali gani hilo? Anayemnawisha mtu anatazama vyote viwili, vinginevyo angemlowesha mapaja. Lakini nilipotoka pale, nikisubiri bodaboda juani, nikajikuta narudia jambo lile kichwani. Maji nayaona. Povu naliona. Halafu naona mlango wa jikoni, kwa sababu niligeuka. Je, niligeuka baada ya mlio, au shingo ilianza kabla? Nani anayejua shingo yake imeanza lini? Bodaboda akanipigia honi mara ya pili ndipo nikapanda.

Mtaalamu wa silaha wa polisi akaikagua bastola akasema ni nzima. Waliitikisa, wakaigonga, wakaiangusha, haikulia. Ila ndani ya mfuko wake wa ngozi walikuta kipande cha kitambaa cheusi kilichofungwa dawa.

Hilo nililijua. Huko machimboni watu wanazindika kila kitu: duara, karasha la kusagia mawe, pikipiki, hata simu. Mume wangu naye aliipeleka bastola kwa mganga. Akaambiwa kwamba tangu siku hiyo itautangulia mkono wake. Adui akikaribia, yenyewe itakuwa imekwishaamka. Tuligombana sana kwa ajili ya kitambaa hicho. Nilimwambia aswali, aache kuvisha chuma nguo. Akasema mimi sijawahi kubeba dhahabu ya watu kwenye barabara ya porini.

Basi polisi wakasema huenda kitambaa kilinasa kwenye kifyatulio wakati anakaa vizuri mkekani. Hilo ningeweza kulielewa. Lakini habari ikafika Didia, na mashangazi wakaipokea kwa namna yao. Kwao dawa haikosei, inakwenda anakotaka mwenyewe. Kama bastola ilimtangulia mkono na kumpata mdogo mtu, basi iliona adui pale mkekani, na nani aliyeionyesha? Mtaani kwetu nako wakapata lao. Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema, na wakaangua kicheko kwenye foleni ya maji wakidhani siwasikii.

Shemeji akashika maneno ya mashangazi. Akahamia Didia kwa mama yake kuuguza mguu, akakataa simu za kaka yake, akakataa na zangu. Dada yangu akanikanya nisijitie katikati: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ningelima wapi? Mimi ndiye shahidi. Nikinyamaza, mume wangu ni mtu aliyempiga risasi mtoto wa mama yake kwa ajili ya shimo.

Na mume wangu mwenyewe akaanza kunishangaza. Hakwenda Runzewe tena. Alikuwa anakaa uani, kisha anauliza ghafla, "Mama watoto, hebu niambie. Mikono yangu ilikuwa wapi?"

"Juu ya beseni."

"Yote miwili?"

"Yote miwili, baba."

Mara za kwanza nilimjibu kwa upole. Baadaye nilimjibu kwa ukali, kwa sababu kila alipouliza nilipungukiwa na uhakika, na alikuwa anauliza mimi nikiwa na shughuli zangu, nachambua mchele, naanika nguo. Mtu gani asiyejua mikono yake ilikuwa wapi? Nilianza kumwogopa, halafu nikawa namwonea huruma, halafu hasira, yote kabla ya adhuhuri.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu tunayesali naye msikiti mmoja. Aliomba chai isiyo na sukari, akaizungusha kikombeni muda mrefu, kisha akasema naye ana bastola ya aina ileile. Siku moja aliinama ndani ya gari kuokota miwani yake, mkono mmoja uko chini ya kiti, mwingine umeshika usukani, ikalia kiunoni kwake na kutoboa kiti. Wanawe walimwambia ni uzee, baba umesahau kidole. Akaona aibu, akanyamaza. Lakini alipoisikia habari yetu akatafuta kwenye simu, akakuta watu wa nchi za mbali wanalalamikia aina hiyohiyo, kwamba inalia bila kuguswa, na wao pia wanaambiwa ni vidole vyao.

"Na yangu haina dawa, mwanangu," akasema. "Ina kutu kidogo tu."

Mume wangu akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka, na mzee wa watu akabaki ananitazama asijue kama amefariji au ameharibu.

Wakaenda pamoja polisi. Mzee akaisalimisha ya kwake, mume wangu akasema ile yake iliyobaki kwao wakae nayo, haitaki tena. Kama polisi waliwaandikia wenye kiwanda kule zilikotengenezwa, sijui. Mpaka leo sijasikia jibu. Lakini Didia walisikia habari ya mzee. Shemeji akatuma salamu: njooni.

Nilifurahi, mpaka tulipolipita soko la Didia. Mume wangu akasimamisha gari kando ya barabara.

"Nitamwambia," akasema.

"Utamwambia nini?"

"Siku ile unanimiminia maji, nilikuwa nawaza bora angefukiwa shimoni. Nilikuwa nayasema hayo moyoni, mama watoto, maneno yenyewe. Sijayamaliza, ikalia."

Sikujua nishike lipi. Nilikuwa nimeipigania mikono yake kwa watu wote hao, na kumbe haikuwa mikono aliyokuwa akiniuliza. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia mambo yamekwisha, lawama imebebwa na chuma, yeye anataka nini tena? Ndugu wamepatana, tuchukue kapu tukavune. Akawasha gari.

Tulimkuta mama mkwe uani anapembua mpunga, shemeji yuko kwenye benchi, mguu ameunyoosha. Nikapiga magoti, nikamwamkia. "Marahaba, ng'wanawane," akaitikia, yaani mwanangu, na akatutengea sahani ya matobolwa, viazi vyao vikavu vya kuchemsha. Niliomba Mungu mume wangu atie kimoja mdomoni. Hakukaa hata chini. Alisimama mbele ya mdogo wake akayasema yale yote, kama alivyoniambia kwenye gari, bila kupunguza.

Ungo ukaacha kulia. Shemeji aliutazama mguu wake, akaukuna pembeni ya kovu.

"Hata mimi, kaka," akasema. "Nilikuwa nimekaa palepale nakuombea hivyohivyo. Ila mimi sikuwa na bastola."

Kisha akasogea kwenye benchi, akampa kaka yake nafasi. Mume wangu akakaa. Wakakaa wakigusana mabega, na mama yao akaendelea kupembua mpunga, na mimi pale nilipopiga magoti nilishikwa na hofu ambayo sikuipata hata siku ile risasi ilipolia: kama kweli ile bastola iliona adui pale mkekani, basi haikukosea.