Aliyeketi Mara Mbili

Sebuleni kwetu Abeokuta kuna picha ya wasichana wawili wa miaka saba. Wameketi bega kwa bega, gauni za aina moja, shanga za aina moja, hata kidonda kilekile gotini. Ni mapacha, shangazi za marehemu mume wangu. Mwaka nilioolewa niliandika chini yake kwa mkono wangu: Taiwo kushoto, Kehinde kulia. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijazoea kusahihishwa.

Kehinde alikufa zamani. Taiwo alikuwa hai bado, ng'ambo ya mpaka, Ketou, alikoolewa. Huko alipika sabuni nyeusi miaka hamsini, akazika waume wawili, na hakuna aliyewahi kumpunja sokoni. Niliona aibu ukoo kama wetu kukosa picha ya mzee wake wa mwisho. Nikachukua kamera ya marehemu mume wangu, nikavuka.

Nilimkuta uani, ameketi ukingoni mwa benchi kana kwamba nafasi iliyobaki ina mwenyewe. Nikapiga magoti kumsalimu.

"Mke wetu," alisema kabla sijainuka, "umenenepa. Kifo cha mwanangu kimekufaa."

"Mama, alikuwa akinimalizia chakula chote."

Akacheka mpaka Ajoke, mkwe wake, akatoka jikoni kutazama. Ajoke alikuwa na sahani ya maharage yenye mawese. Aliiweka mbele ya kinyago kidogo cha mti kilichoegemezwa ukutani, kinyago cha Kehinde, maana kwao pacha akifa huchongewa kinyago na kulishwa kama aliye hai, kisha akarudi kwenye vyungu vyake. Kwetu Lagos nilikozaliwa hatukuwa na mambo hayo, au tulijifanya hatuna.

Asubuhi ya pili Mama Taiwo alioga, akavaa buluu, akafunga kilemba, akaketi upande wa kushoto wa benchi. Nikapiga picha. Nilipoanza kufunga kamera, aliinuka, akahamisha bangili kutoka mkono huu kwenda ule, akaketi upande wa kulia.

"Sasa yeye," alisema.

"Yeye nani, Mama?"

"Wewe umesoma mpaka chuo, macho hukupewa? Ile picha ya sebuleni kwenu, unadhani tuliketi wangapi?"

Nikakikumbuka kile kidonda.

Kehinde alikufa wakiwa na miezi minane, akaniambia. Mama yao alitaka kuwaona wawili. Mpiga picha akamketisha mtoto aliyebaki kushoto, kisha kulia, akaziunganisha picha.

"Niliketi Taiwo," alisema. "Nikainuka, nikaketi Kehinde. Mpiga picha akaniambia basi, shuka. Nikashuka. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshuka."

"Labda wewe ndiye unayewekewa maharage, Mama!" Ajoke alipaza sauti kutoka jikoni.

"Ndiyo maana sishibi," alijibu, bila kucheka. Akanigeukia. "Nitazikwa karibuni, mke wetu. Nisizikwe kwa jina la mwenzangu. Nipige, waziunganishe, nione."

Nilitaka kukataa. Ningewaambia nini watu wa Abeokuta? Kwamba ukoo wa heshima umelisha kinyago cha mtu aliye hai kwa miaka themanini? Lakini alikuwa ameshageuza uso wake, ametulia, anasubiri. Nikapiga.

Mwenye studio ya hapo Ketou, niliyempelekea filamu, alituletea picha kesho yake, zimeunganishwa vizuri, mshono hauonekani. Kushoto alikuwa bibi mchovu niliyemjua. Kulia ni kilemba kilekile, mikunjo ileile, ila alitabasamu bila kufungua midomo, na mimi niliyekuwa nyuma ya kamera sikuliona tabasamu hilo.

Mama aliishika karibu na macho. Kidole chake kikatua kulia.

"Huyu ndiye mimi."

Kisha kikahamia kushoto, kikakaa hapo muda mrefu.

"Na wewe," alisema taratibu, kama anayeongea na mtu aliyeingia sasa hivi, "umezeeka lini?"

Ajoke alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa na mzaha tena.

"Andika, mke wetu. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Nikatoa kalamu. Niliandika maneno yaleyale niliyoandika mwaka nilioolewa, bila kubadilisha hata nukta: Taiwo kushoto, Kehinde kulia. Alinitaka nimsomee. Nikamsomea. Akapumua kama aliyetua mzigo, akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akaketi katikati ya benchi.

Alifariki kabla ya mavuno ya viazi vikuu. Ajoke alituma mtu kuuliza jina la kuandika kwenye jeneza. Jamaa wote walinitazama. Nikasema: Kehinde.

"Basi tumeishi na nani siku zote?" shemeji mmoja aliuliza.

"Uliza wageni wa msiba wakishaondoka," nikamwambia.

Picha ile nimeitundika chini ya ile ya wasichana. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye kioo, nikianza na wa kushoto. Ni yeye niliyempigia magoti Ketou, ingawa tuliyemzika ni wa kulia. Namwamkia, kisha natoka kinyumenyume mpaka mlangoni, maana bado sijaweza kumpa mgongo.