Amoxi ya Taa Nyekundu

Wiki yenye mutoto wetu alishikwa na kichomi, Kalemie nzima ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mimi ni muongo, tena muongo wa kushukuriwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima dawa sokoni. Kamashini kangu kalienea kiganjani. Unakaelekeza kwenye kidonge, kanakimulika, kisha kanawasha taa: ya kijani, dawa ni yenyewe, ya kweli; nyekundu, ni ya bandia. Basi.

Shida ilikuwa vita. Komanda wa kambi ya askari aliposikia habari ya mashini, alileta askari wawili wakae pembeni yangu. Kila katoni yenye kupata kijani, wanaibeba kwa majeruhi wao. Nyekundu wanamuachia muchuuzi mwenyewe. Nilitaka zichomwe; wakasema amri yao ni kubeba, siyo kuchoma.

Nilifikiri wachuuzi watalia. Wapi! Walipandisha bei ya zile nyekundu, na watu wakazigombania, maana soko lilikuwa limejiambia: Mama wa mashini ana huruma, dawa nzuri anaziwashia nyekundu makusudi, askari wasizibebe. Wamama walinitumia samaki, mikebuka ya kukausha. Muzee mumoja wa musikiti aliniombea dua kwa akili yangu. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, kwamba zile ni chaki na unga. Nilikuwa napigia mbuzi gitaa. Walicheka, wakanikonyeza, wakasema ndiyo Mama, tumesikia Mama. Haki ya Mungu, nilitamani kuwachapa.

Sasa mutoto wetu. Kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, na hospitali haikuwa na hata kidonge. Niliogopa. Nilimutuma bwana yangu kambini, apige magoti mbele ya komanda, aombe kidogo tu ya zile za kijani.

Alirudi anatoka jasho, amefurahi. Kambini hakufika. Alipitia sokoni, akauza redio yetu, akapata amoxi, dawa ya kichomi.

Niliangalia ile pakiti. Niliijua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeipima mimi mwenyewe.

"Papa, hii ni chaki," nilimuambia. "Chaki tupu. Mutoto atatufia."

Alichungulia nje, akafunga mulango polepole, akaja kukaa karibu yangu.

"Mama, hapa askari hawako," akasema. "Mimi uniambie tu kweli."