Udongo wa Mahameni

Leo nimenunua udongo wa kichuguu sokoni, na harufu yake ya mvua ya kwanza imenirudisha mahameni kwetu, kwenye nyumba tuliyoamriwa kuiacha tukaishi katika kijiji cha ujamaa.

Mama alikuwa mjamzito, na hata uji haukukaa tumboni. Ukwaju ulishindwa, embe bichi nalo likashindwa. Asubuhi moja akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaondoka.

Njiani mgambo kijana akatuzuia.

“Shikamoo, mama. Huko hakurudiwi.”

“Marahaba. Sirudi kuishi. Nafuata udongo wa kichuguu changu.”

“Mbona hata kijijini vichuguu vipo?”

“Nimevila, nikavitapika. Nipishe.”

Hakungoja jibu. Nyuma ya nyumba yetu, ambayo paa lake lilishaanguka, alimega bonge, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akatafuna. Nilisikia mchanga ukisagika menoni mwake. Akafumba macho, akameza, na hakutapika. Akafunga mabonge mengine kwenye kanga.

Tuliporudi, mgambo alikuwa palepale. Alitazama huku na huku, akavua kofia yake ya kazi, akaikinga kwa mikono miwili.

“Nigawie kidogo, mama. Mke wangu naye anatapika kila asubuhi.”

Mama akaijaza hadi juu.