Farasi Katika Kompyuta ya Mwalimu Nabiha

Mwalimu Nabiha alipostaafu alinunua kinasa sauti, akaanza kupanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale akiwarekodi wanawake wazee, waliokuwa wakisema Kimvita, Kiswahili cha mji huo, kama kilivyosemwa zamani. Kazi hiyo aliifanya miaka sita. Aliyempenda zaidi alikuwa Bi Mwanabaraka wa Kibokoni. Akilitaja paa la nyumba kisha paa wa mwituni, ungesikia maneno mawili mbalimbali, maana p ya yule mnyama ilitoka na pumzi.

"Nisikiza vyema, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Ukinikosa mimi, hupati mwengine."

Alifariki mwezi wa Rajabu. Sauti yake ikabaki katika kompyuta ya Nabiha, na nakala moja kwenye flashi.

Asubuhi ya Idi ilikuja barua pepe yenye jina la Hussam, mwanafunzi wake wa zamani: kadi ya Idi. Nabiha alifurahi kukumbukwa, akaifungua. Kandili zikawaka kwenye kioo, kaswida ikalia. Flashi nayo ilikuwa imechomekwa, kwani alikuwa akiongeza nakala. Kufikia adhuhuri hakuna faili hata moja iliyofunguka, si kwenye kompyuta wala kwenye flashi.

Akaibeba kompyuta hadi mtaa wa Buxton kwa fundi Griffins, aliyehangaika nayo siku tatu.

"Mwalimu, hii twaiita farasi wa Troya."

"Farasi?"

"Ni hadithi ya kale ya Wayunani. Waliuzingira mji wa Troya miaka kumi, kuta zikawashinda. Wakaunda farasi mkubwa wa mbao, wakamwacha nje ya lango, wakajifanya wameondoka. Wenye mji wakamwona ni tunu, wakamkokota ndani kwa mikono yao. Kumbe tumboni mna askari. Basi programu inayokuja kwa sura ya kitu kizuri, na ndani imebeba maangamizi, ikaitwa hivyo. Haivunji mlango. Hungoja ufunguliwe."

"Na ule mji ulikuwaje?"

Griffins akainamisha macho. "Uliteketezwa, Mwalimu."

Hussam alipopigiwa simu aliapa hakutuma kadi yoyote. Anwani yake iliibiwa. Nabiha hakumlaumu. Aliyefungua ni yeye. Alifikiria kuanza upya, lakini kati ya wanawake kumi na mmoja aliowarekodi alisalia hai mmoja tu, naye hamtambui hata mwanawe.

Mwezi uliofuata Jihan, bintiye Bi Mwanabaraka, alibisha hodi alasiri.

"Mwalimu, Alhamisi twamsomea mama hitima. Wajukuu wataka kumsikia. Tupe japo kidogo."

"Imepotea, mwanangu. Yote."

"Hata salamu zake?"

"Hata salamu."

Nabiha akamletea daftari alimoandika maneno ya Bi Mwanabaraka, kurasa kwa kurasa. Jihan akalifunua, akasoma kidogo, akamrudishia.

"Haya ni maneno," alisema. "Mimi nilimjia mama."

Akavaa viatu vyake, akashuka ngazi.