Halua ya hekaluni

Leo nimekataa chakula hekaluni, na aliyenitetea ni yule yule aliyenipa.

Chuoni tunasoma somo la dini za ulimwengu, kwa hiyo mwalimu akatupeleka kwenye hekalu la Wahindu hapa Shinyanga mjini.

Tukavua viatu. Mama Nisha, muumini wa pale, akatueleza ibada yao. (Kazaliwa hapa hapa. Kisukuma chake kinapita changu.)

Mwishoni akatugawia halua iliyokuwa imetolewa kwanza mbele ya miungu yao.

Mkono wangu ukagoma. Mimi ni mtoto wa mchungaji wa kanisa kule Kishapu, na kwetu chakula kilichotolewa kwa miungu mingine hakiliwi.

Wewe ungepokea? Sema kweli.

"Pokea bwana, unatuaibisha," mwenzangu akaninong'oneza.

Mama Nisha akasikia.

"Mwache. Jirani yangu alipofariki nilikwenda kwenye misa yake. Wakristo walipokwenda kukomunika, nilibaki kwenye benchi nikilia. Hakuna aliyenisema."

Akanikalisha karibu yake, akaendelea kujibu maswali.

Jioni nikampigia baba nikamsimulia. Nilitegemea anipongeze kwa kukataa.

Yeye akauliza, "Huyo jirani aliyemlilia alikuwa nani?"

"Sikumuuliza, baba."

Kesho narudi kwa Mama Nisha kumuuliza.