Wapagazi wa Kulwa

Nta ya nyuki ikiyeyuka juu ya jiko la mkaa hutoa harufu ambayo hadi leo siwezi kuinusa nikaendelea na nilichokuwa nakifanya. Si harufu mbaya. Ni tamu, nzito kidogo, ina moshi wa mzinga ndani yake na kitu kama maua ya porini yaliyokauka. Katika nyumba yetu ya kota za reli pale Tabora, mwishoni mwa kiangazi, harufu hiyo ilianza alasiri tulipotoka shule, ikakaa kwenye mapazia, kwenye nywele na kwenye sare zetu, mpaka mwalimu akatuuliza kama nyumbani kwetu tunafuga nyuki. Hatukufuga nyuki. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, mama alishona nguo, na sisi watoto wao wawili wa kike, Kulwa na mimi Doto, tulikuwa tunatengeneza kadi za Krismasi.

Mtu wa Unyamwezini au Usukumani akisikia majina hayo haulizi zaidi. Kulwa ndiye pacha aliyetangulia kutoka, Doto ndiye aliyefuata. Kwetu hakuna aliyewahi kuniita jina langu la ubatizo, wala Kulwa hakuitwa la kwake. Tulilala kitanda kimoja, tulikula sahani moja, na mama akishona gauni alishona mawili kutoka kitambaa kimoja. Lakini hatukufanana kama watu walivyodhani. Mimi nilikuwa mwenye maneno, nilitumwa dukani na kwa majirani. Kulwa alikuwa mkimya, na mikono yake haikutulia. Akikaa kusikiliza mahubiri kanisani, kidole chake kilikuwa kinachora juu ya goti.

Mambo ya kadi yalianza kwa sababu ya theluji. Azimio lilikuwa na miaka michache tu, redio ilihimiza kujitegemea asubuhi na jioni, na vitu vya ng'ambo vilikuwa vinaadimika madukani. Mama alikuwa ametunza kadi ya zamani aliyoletewa na bwana mmoja wa reli kabla hajahamishwa: nyumba ndogo, miti iliyochongoka, na weupe kila mahali. Kulwa aliitazama sana. Akamuuliza bibi, mama yake baba, aliyekuja kuishi nasi kutoka Puge, ule weupe ni nini. Bibi akaisogeza karibu na macho, akasema hapo pameungua, hilo ni jivu. Baba alicheka hadi akaweka kikombe chini, akatueleza kuwa ni barafu inayoanguka kama mvua. Kulwa hakucheka. Alisema kwa sauti ile yake ya chini kwamba yeye angependa kadi yenye watu anaowajua.

Tukaanza na tulivyokuwa navyo. Baba alileta majalada ya ofisini yaliyokwisha kazi, karatasi ngumu ya rangi ya mchanga, tukazikata na kuzikunja katikati. Mimi nilipewa mihuri. Nilikata kiazi kitamu vipande viwili, nikachonga neno HERI kwa kisu cha mama, nikakipaka wino na kukigandamiza kwa fahari kubwa, na kilichotokea kwenye karatasi hakikusomeka. Baba akaja na kioo chake cha kunyolea, akaiweka kadi mbele yake, na ndani ya kioo neno likakaa sawasawa. Ndipo nikajua kwamba muhuri huchongwa kinyume. Kiazi nacho kilinyauka kesho yake, basi nikahamia kwenye soli za ndala kuukuu, na hizo hazikunyauka.

Kulwa alichukua kazi ya violezo. Alipaka karatasi nta ya moto mbele na nyuma mpaka ikawa ngumu na haipitishi maji, kisha akakata picha ndani yake kwa wembe, akiacha tundu lenye umbo la kitu alichokitaka. Kiolezo kikilazwa juu ya kadi na kugongwa polepole kwa kipande cha dodoki chenye rangi, picha inabaki chini yake. Rangi tulijitengenezea: masizi ya sufuria, udongo mwekundu, bizari, bluu ya kufulia, vyote vikikorogwa kwa uji mwepesi wa muhogo. Baba naye, alipoona tumedhamiria, alichukua ukanda wa chuma uliofungia kasha la mizigo, akaukunja umbo la nyota, akaunoa ukingo mmoja kwa tupa na kuuchomea kwenye kipini. Tuliuweka juu ya karatasi, karatasi juu ya kigogo cha mninga, tukapiga nyundo mara moja, na nyota ikadondoka nzima. Tundu lilibaki kwenye kadi, na nyota tuliibandika ndani, ili anayefungua akutane nayo. Jirani zetu walizoea ile milio ya nyundo. Mama alisema nyumba yake imekuwa tawi la karakana.

Picha iliyotutambulisha mjini ilitoka kwa bibi. Baba yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku kwetu hadi pwani, na bibi alikua akisikia habari za njia ile, vituo vyake, kiu yake na nyimbo zake. Jioni moja alipokuwa anatusimulia, Kulwa alimuuliza mzigo ulikaaje kichwani. Bibi akainuka, mzee wa watu, akajitwisha kapu la nguo za kushona, akatembea sebuleni shingo imenyooka na mkono mmoja hewani. Kulwa alimwomba arudie. Akarudia. Kesho yake kulikuwa na kiolezo kipya mezani: wanaume watatu wenye mizigo vichwani, mmoja nyuma ya mwenzake, na juu yao nafasi ya ile nyota ya chuma. Baba aliuliza ni akina nani. Kulwa akajibu kuwa ni mamajusi wanakwenda Bethlehemu, ila wamepitia Tabora.

Nilizipeleka kadi za kwanza kwa Mama Zarina, mjane wa Kihindi mwenye duka la daftari na vitambaa, ambaye mama alinunua uzi kwake. Alivaa miwani yake, akaigeuza kadi huku na huku, akaingiza kidole kwenye tundu la nyota. Yeye alikuwa Mwislamu, Krismasi haikumhusu, lakini wateja walikuwa wanamuulizia kadi na hakuwa nazo. Akaniambia tumletee za kutosha kabla ya sikukuu, na kama wapagazi watakuwepo hatataka kingine. Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Kulwa aliposikia, aliinamisha kichwa na kuendelea kukata, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Mvua za kwanza zilikuja na surua. Ilianzia kwenye nyumba za upande wa stesheni, ikaruka mlango huu ikaingia ule, na ilipofika kwetu ilitukuta kitandani tukiwa wawili. Tuliugua pamoja, kama tulivyofanya kila kitu. Nakumbuka chumba kilichotiwa giza kwa khanga dirishani kwa sababu mwanga ulituumiza, macho yaliyoganda, na kitambaa chenye maji cha mama kikipita usoni kwangu, kisha kwa Kulwa, kisha kwangu tena. Juu yetu, kwenye kamba, kadi zilizokuwa zinakauka zilichezacheza. Vipele vyangu vilianza kufifia, nikaomba uji. Vyake navyo vilififia, lakini kikohozi kikabaki, kikashuka kifuani, na pumzi yake ikawa ya kukatakata kama ya mtu aliyetoka mbio. Asubuhi baba alipomfunga shuka ili ampeleke hospitali, alinigeukia na kuniambia nisikiache kiolezo juani, nta itayeyuka. Nikamwambia sawa. Hayo ndiyo tuliyoagana.

Baba alirudi peke yake, mchana. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, akainama kama anayetaka kuvua viatu, na hakuvivua. Mama alikuwa amebaki huko. Bibi alimtazama mwanawe, akaja moja kwa moja hadi kitandani kwangu na kunishika mabega kwa mikono yake miwili.

"Doto, nisikilize. Kulwa ametangulia. Hutalia. Pacha halii pacha mwenzake, akimlilia anamfuata. Mimi siwezi kuwazika wote."

Alisema hivyo bila ukali. Sasa ninajua alikuwa anaogopa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichosikia ni kwamba nimefungwa mdomo. Yale ya bibi yakawa sheria ya msiba wetu. Wanawake wa kanisa walipofika na kuanza kulia, aliwatuliza mlangoni. Baba alikuwa mtu wa Kimoraviani aliyeshika dini yake, na angeweza kumwambia mama yake kwamba hayo ni mambo ya zamani, lakini hakusema. Sikupelekwa makaburini. Nilikaa ndani na bibi, nikasikia matarumbeta ya kwaya yakitoka uani, yakienda mbali, yakipotea. Watu waliporudi walizungumza kwa sauti ndogo na wakala chakula. Hakuna hata mmoja aliyelia mbele yangu, mama pia hakulia, na mimi niliwatazama wote nikaamini kwamba ni mimi tu niliyempenda Kulwa.

Baada ya matanga Mama Zarina alikuja mwenyewe, mtandio kichwani, ameshika sukari kwenye mfuko wa karatasi. Aliketi kwenye mkeka na mama, akampa pole, na kabla hajaondoka akasema kwa upole kwamba zile kadi tuziache, asiwepo mtu wa kujisumbua. Mama alikuwa hajasema neno la maana kwa siku kadhaa. Akainua uso.

"Zitakamilika," alimwambia. "Mwanangu alishaanza."

Kesho yake alasiri mama aliweka pembeni cherehani, akatandaza majalada mezani, akakaa kwenye kiti cha Kulwa. Mimi nilikaa changu, na mihuri yangu. Mama alikuwa fundi wa sindano, lakini dodoki hakulijua. Alilichovya rangi nyingi mno, akaligandamiza badala ya kuligonga, na alipoinua kiolezo wapagazi walikuwa wameungana kuwa doa moja. Akajaribu nyingine, nayo ikaharibika. Nilimwambia Kulwa anafanya hivi, nikamwonyesha. Sikusema "alikuwa anafanya". Mama akasimamisha mkono, akalisikiliza neno lile. Kisha akakichukua kiolezo, akakiinua kuelekea dirishani aone kama matundu yameziba, na mwanga wa alasiri ukapita katikati yake, ukamwangukia usoni, wanaume watatu wadogo wa mwanga wakipita kwenye paji la uso wake. Mimi nilikuwa naona. Yeye hakujua kwa nini nimemkodolea macho.

"Mama," nikamwambia, "wako kwako."

Alipapasa uso wake. Sijui alielewa nini. Alikilaza kiolezo mezani kwa uangalifu, akanivuta, na sauti iliyotoka kifuani mwake sijawahi kuisikia tena kwa mtu mwingine. Ndipo na mimi nikalia. Nililia mpaka nikatapika. Katikati ya kilio nilimwona bibi amesimama mlangoni, na nikajua tumekosa, nikajaribu kumeza sauti. Bibi alitutazama. Hakutugombeza, wala hakuingia. Alivuta mlango akaufunga, na tulipotulia baadaye nilimkuta ameketi nje kwenye ngazi, mgongo umeegemea mbao, akiwaambia majirani waliopita kwamba hakuna kitu, wanashona.

Kadi zilikamilika. Nyingi zilikuwa na kasoro, baba alipiga nyota nyingine upande kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini Mama Zarina alizipokea zote na zote zikauzwa. Zilikwenda Bukene, zilikwenda Usoke, nyingine zilipanda treni hadi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata nilikichukua kiolezo, nikakuta kingo zimelegea, mpagazi wa kati amepasuka shingoni. Nilikata kingine juu ya kile, nikifuata kila mstari. Wakatoka watu watatu wenye mizigo, wamesimama. Wa Kulwa walikuwa wanatembea. Nilijaribu hadi nta ikaisha, kisha nikaacha. Hatukuwa tumejiwekea hata kadi moja. Tulikuwa watoto, tulifurahi mno kwamba watu wanazitaka.

Leo ninaishi Tabora bado, na Desemba simu yangu huwaka kutwa nzima. Wanangu wananitumia picha za mishumaa na maua yanayometameta, zile zile walizotumiwa na wengine, na mimi huzipokea kwa moyo mweupe. Wananikumbuka, na hilo si dogo. Nta ipo sokoni, inauzwa. Majalada ya ofisi yamekuwa kompyuta. Sioni sababu ya kuwalaumu vijana kwamba hawachongi viazi.

Kitu kinachonishinda ni kingine. Mwaka huu binti yangu alikuja likizo na mtoto wake, na siku ya kliniki ilipofika nikawasindikiza. Tulikaa kwenye foleni na akina mama wengine, wengi wao wadogo kwa umri, wanapiga soga na kulalamikia joto. Muuguzi alimpakata mjukuu wangu, akampangusa mkono, akamchoma. Ilikuwa chanjo ya surua. Mtoto alilia, muuguzi akamwambia pole mjomba, akaandika kwenye kadi yake ya kliniki na kumwita anayefuata. Imeisha hivyo. Tulipofika getini mtoto alikuwa ameshasahau, anachezea hereni za mama yake. Niliketi kwenye ukuta mfupi nje ya geti, na binti yangu akaniinamia akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia hapana, mwanangu, tangulieni tu, nawafuata.